Grafu Iliyosema Kakuma Hulala Mchana

Leo nimeaibika Kakuma. Na hakuna aliyeniita. Nilijipeleka mwenyewe asubuhi kutoka Lodwar, shati limepigwa pasi.

Ngoja niwaeleze. Kazi yangu ni kulinda mawimbi ya intaneti yanayotoka mnara wetu wa Lodwar kwenda Kakuma. Kulinda ni neno kubwa. Mara nyingi nakaa mbele ya kompyuta nikitazama mstari wa grafu. Ukipanda, watu wa Kakuma wanatumia mtandao sana. Ukishuka, wametulia.

Sasa, tangu tufunge dishi jipya lenye kasi, nikaona jambo. Kila siku jua likishika utosi, mstari unapanda, unapanda, halafu unaanguka chini kabisa. Unakaa huko huko mpaka jioni.

Mimi ni mtu wa kuota macho wazi, mnanijua. Nikaanza kuiona Kakuma nzima imelala. Mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha migunga. Mto Tarach mkavu, mchanga wake mweupe, kimya. Simu zimelazwa kifudifudi kwenye mikeka, na upepo unaingia dukani na kutoka bila mtu wa kuuliza bei. Niliitazama grafu ile hadi na mimi nikawa nasinzia. Ilinipa amani, siwafichi. (Mwajiri wangu akisoma hapa: nilikuwa nachunguza.)

Basi wazo likanijia. Kama Kakuma inalala, kasi yote ile ya nini? Tuwapunguzie kuanzia saa sita mchana, tuzipe ofisi za Lodwar. Akiru, mkuu wetu wa mitambo, akaniambia nihakikishe kwanza. Nikamwambia nimehakikisha. (Nilikuwa nimeitazama grafu ileile kwa muda mrefu zaidi.) Nikapanga mtambo uanze kupunguza wenyewe leo, kisha nikasafiri kwenda kuuona usingizi ule kwa macho yangu.

Nilifika saa sita haijagonga, nikaingia kwenye chumba cha intaneti karibu na soko la kambi ya wakimbizi. Nilitarajia mikeka. Nikakosa hata pa kukanyaga. Watu kwenye viti, watu sakafuni, watu wameegemea dirisha, kila mmoja na simu. Kwenye meza ya kona, mbele ya kompyuta ndogo, alikaa Nyanath, mwalimu wa ushonaji kutoka Sudan Kusini, amevaa gauni alilolishona mwenyewe kwa ajili ya leo. Mwenye chumba akaninong'oneza kwamba dada huyu ameitafuta nafasi ya kusomea ualimu chuoni kwa miaka, na leo ndiyo wanamsaili kwa video. Akiharibu, hawamwiti tena.

Mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nilisema "Ejoka", salamu ya Kiturkana, kwa sauti ya mgeni rasmi, nikajitambulisha, nikawaeleza kwamba huko Lodwar tumegundua mchana hawatumii mtandao kwa sababu huwa wamelala.

Chumba kikanitazama. Nyanath akageuka taratibu.

"Kaka, jua inachoma hivi, nani ataenda wapi? Saa hii watu yote iko ndani, iko kwa simu. Nani amekuambia tunalala?"

"Grafu," nikasema.

(Ndiyo. Nilisema hivyo, mbele za watu.)

Usaili ukaanza. Nyanath alijibu vizuri, bila haraka, hadi na mimi nikavutiwa. Kisha saa sita ikafika. Mtambo wangu, ambao huchelewa kwa kila kitu, leo haukuchelewa. Wasaili wawili waliokuwa kwenye skrini wakaganda, mmoja mdomo wazi. Chumba kizima kikainua simu juu kutafuta mawimbi.

Nawaambia ukweli, ilipendeza. Mikono yote ile hewani, vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Ningeweza kukaa pale nikitazama hadi jioni. Lakini mikono ikaanza kushuka, mmoja mmoja, na macho yakahamia kwangu. Nyanath hakunitazama. Alikuwa ameshika kingo za meza. Hapo ndoto ikanitoka yote, nikaona haya hadi miguuni.

Nilitoka nje mbio nikampigia Akiru. Nikamweleza kwa pumzi moja. Akanijibu polepole.

"Ekai, huo mtambo unahesabu kwa kaunta ndogo ya zamani. Ikijaa inarudi sifuri, kama mita ya pikipiki ikifika mwisho. Dishi jipya lina kasi, mchana inajaa na kuanza upya kabla hatujaisoma. Grafu inaanguka kwa sababu wanatumia sana. Hukuona kuna kaunta kubwa hapo chini yake?"

Niliiona. Nilidhani ni pambo.

Akarudisha kasi yote kutoka Lodwar, na akaahidi kwamba grafu itasoma kaunta kubwa. Nikarudi ndani nikinyata. Wasaili walikuwa wamerudi, yule wa mdomo wazi akiomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Nikajibanza ukutani nikisali. Kisha wakamuuliza Nyanath, kwa Kiingereza, aeleze changamoto aliyokutana nayo hivi karibuni na namna alivyoikabili.

Nyanath alifikiri. Kisha akaishika ile kompyuta kwa mikono miwili, akaigeuza taratibu hadi kamera ikanitazama mimi, shati langu na pasi yake.

"Changamoto ni huyu," akawaambia. "Amefika leo kutoka Lodwar, na mtandao ukakatika. Na mimi bado niko kwenye kiti."

Chumba kiliangua kicheko, na wasaili nao. Mmoja alivua miwani akafuta machozi. Nikapunga mkono, sikujua la kufanya jingine.

Jibu watampa wiki ijayo. Naomba kwa moyo wote wampe. Wasipompa, mnitafutie kazi ya kuchunga mbuzi kijijini Namoruputh, nikae huko kimya. Mbuzi angalau wakiwa wengi, huonekana wengi.