Kibao cha Kijani cha Bwana Asmani

"Wananchi wa Rumonge! Kuanzia leo, hatari imepigwa marufuku kutokea nyumbani kabla haijapimwa!"

Hayo aliyasema Bwana Asmani akiwa amesimama juu ya meza ya muuza nyama, pale sokoni, kipaza sauti cha serikali ya komini mdomoni, mwaka uleule bendera ya uhuru ilipopanda. Watu walipiga makofi. Miezi ile watu walipigia makofi kila kitu. Hata mbuzi akikatiza mbele ya jukwaa alipata makofi yake.

Uhuru ulikuwa umekuja na vyeo vingi kuliko viti. Waliosoma sana walichukuliwa Bujumbura, waliosoma kidogo wakapewa komini, na Bwana Asmani, aliyesoma kiasi cha kutisha majirani, akaundiwa Ofisi ya Kupima Mapema Hatari za Nyumbani, yeye akiwa Directeri, mkurugenzi wake. Alipewa chumba cha kazi, biro yenye dirisha, landrova ya kuazima, makomisheni wawili wa kumwitikia, na sanduku la vibao vya bati. Nusu ya vibao vilipakwa rangi ya kijani, nusu nyekundu.

Tusimwonee mtu, wazo lenyewe lilikuwa zuri. Zamani mwanamke akifika mahakamani kudai talaka au watoto, aliambiwa arudi kwa mumewe angoje siku ya kesi, na wapo ambao siku ya kesi ilipofika walikuwa hawawezi tena kusimama. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba kabla juji hajasikiliza neno lolote, nyumba ipimwe. Ikionekana ina hatari, inapigiliwa kibao chekundu mlangoni, na mama na wanawe wanakaa kwa ndugu zake mpaka hukumu. Ikionekana haina, inapigiliwa kibao cha kijani, na mama anarudi kwa mumewe Jumatatu inayofuata, angojee haki akiwa jikoni kwake.

"Na mwenye shaka na kibao changu cha kijani," Bwana Asmani alimalizia siku ile, kipaza sauti kikipiga mluzi, "ajue kwamba nyumba niliyoipa kibao hicho, hata mwanangu mwenyewe ningemlaza humo!"

Makofi yakalia tena. Binti yake, Kadidja, aliyekuwa akinunua vitunguu, alijifunika uso kwa mtandio.

Mwaka ukapita. Vibao vya kijani vikaisha, vikaagizwa vingine. Vyekundu vilibaki sandukuni, vipya kabisa, vinang'aa. Kila nyumba iliyopimwa ilikuwa salama, na Bwana Asmani hakuona ajabu yoyote. Aliona kwamba hatari, kama watumishi wote wazembe, ilikuwa imesikia kuna mkubwa mpya na ikaacha kazi yenyewe.

Hapa lazima nieleze jambo moja la ziwa letu, kwa faida ya wasomaji wa milimani. Ndagala, yaani dagaa wetu, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Wiki za giza wanaume wote wako ziwani. Alfajiri wanarudi, wanauza, wanatia fedha mfukoni, wanalala mchana kutwa kama magogo. Lakini mbalamwezi ikitoka, ndagala hawaijali taa ya mtu. Nyavu zinaanikwa mchangani, na wanaume wanabaki nyumbani na mifuko mitupu, na pombe ya ndizi ya mkopo, na hasira isiyo na pa kwenda. Kuanzia Muhuta mpaka Kabonga, hakuna mwanamke asiyejua wiki ya kuficha mchi.

Komisheni ya Bwana Asmani ilipima wiki za giza tu. Sababu haikuwa mbaya: wiki za giza kila nyumba iliyopimwa iliwafungia wageni wake ndagala kwenye jani la mgomba, na pale palipokuwa na adabu zaidi, mukeke mbichi, samaki wa heshima. Wiki za mbalamwezi hapakuwa na samaki, basi Komisheni ilibaki biro kuandika raporo, ripoti za kupeleka Bujumbura.

Ndivyo Komisheni ilivyofika kwa Feruzi.

Feruzi alikuwa mvuvi mwenye taa zake na mtumbwi wake. Mbalamwezi iliyopita alimvunja mkewe mkono. Mke huyo, Batuli, aliufunga mkono kwa kitenge, akapakia watoto wawili juu ya lori la mawese, akaenda Minago kwa shangazi yake Esha. Feruzi akafungua kesi: anataka mke wake na watoto wake. Batuli naye akadai talaka. Nyumba ikahitaji kupimwa, na Batuli akaletwa kutoka Minago asimame jikoni kwake, maana kwa kanuni za Bwana Asmani nyumba isiyo na mwanamke ndani haina cha kupimwa. Shangazi Esha alikuja naye bila kualikwa.

Ilikuwa saa nne asubuhi, wiki ya giza. Feruzi alikuwa amelala kitandani, mlango wazi.

"Mtuhumiwa amelala," alisema Bwana Asmani kwa sauti ya kuandikisha. "Hakoromi kwa hasira. Hajakunja ngumi. Mguu mmoja uko nje ya shuka, dalili ya moyo mtulivu."

"Moyo mtulivu," waliitikia makomisheni.

"Sasa, mama. Tuambie bila woga wowote. Hatari iko?"

Feruzi alikuwa amekwisha kufumbua jicho moja. Kanuni ilitaka mume awepo, kwa kuwa mambo ya familia hayaulizwi bila familia. Batuli alilitazama lile jicho, akatazama chini.

"Leo haiko, bwana mukubwa."

"Haiko!"

"Nimesema leo. Nakuomba urudie wakati wa mbalamwezi. Ukuje tu usimame pale kwa mulango, hata usiingie. Utasikia mwenyewe."

"Wakati wa mbalamwezi Komisheni haitoki, mama."

"Juu ya nini?" aliuliza Shangazi Esha.

"Sababu za kiufundi."

"Ile sababu iko inakaangwa ao inachomwa?"

Bwana Asmani hakumsikia, au alisikia kama wakubwa wanavyosikia. Aligusa ule mkono wa Batuli uliofungwa, akauliza umefanya nini.

"Ulivunjika," alisema Batuli.

"Ulivunjika," alirudia Bwana Asmani, ameridhika. "Mnaona? Yeye mwenyewe hasemi ulivunjwa."

Kibao cha kijani kikapigiliwa mlangoni. Feruzi aliinuka kwa makelele ya nyundo, akashukuru, murakoze, akawafungia mukeke. Batuli akaambiwa awe amerudi Jumatatu, yeye na watoto. Hiyo Jumatatu ndiyo iliyokuwa ikifungua wiki ya mbalamwezi. Batuli hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti akatetemeka mwili mzima, na nasema bila kuzungusha kwamba aliyemwona vile na bado akaweza kupokea samaki, alikuwa na tumbo la chuma.

Jumamosi yake Ofisi ilikuwa inaadhimisha mwaka mmoja bila hatari. Bwana Asmani aliandaa karamu nyumbani kwake, mtaa wa Waswahili, chini ya turubai la komini. Mgeni wa heshima alikuwa Juji Hubert wa mahakama ya Rumonge, mtu wa milimani, mpole, mwenye usingizi wa karibu. Mwaka mzima juji huyu alikuwa ameletewa kesi zilizokwisha kupimwa, na kwa kuwa sheria mpya haikumruhusu kupinga kibao, alikuwa amezoea kusinzia.

Mke wa Bwana Asmani, Mwasiti, alikaanga. Kadidja aliandaa. Bwana Asmani alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye sehemu ya hotuba inayosema "Bujumbura wanatuonea wivu", pale walipotokea wageni barabarani.

Mbele alitembea Shangazi Esha, sinia kichwani, kitambaa cheupe juu ya sinia. Nyuma yake alikuja Feruzi, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Nyuma ya Feruzi walikuja wanawake wa Minago na wa pale mjini, wengi, wanapiga vigelegele. Mwishoni kabisa alikuja Batuli, mkono bado umefungwa.

"Amahoro hapa," alisema Shangazi Esha. "Tumekuja kuposa."

"Kuposa nani?" aliuliza Bwana Asmani, tabasamu la hotuba bado liko usoni.

"Kadidja. Kijana wetu Feruzi anataka muke wa pili."

Bwana Asmani alicheka. Akatazama, akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Mama Esha, wewe ni shangazi wa mke wa kwanza."

"Ndiyo nakuja mimi. Tunamutafutia Batuli mwenzake. Mukono wake mumoja sasa hauna nguvu, atasaidiwa kutwanga." Alishusha sinia, akafunua kitambaa. Ndani hapakuwa na nguo wala manukato. Palikuwa na kibao cha kijani, matundu ya misumari yakiwa yamezungukwa na vumbi la mlango. "Wengine wanaleta mbuzi. Sisi tunaleta neno la serikali. Ulisema pale kwa soko, nyumba yenye hii kibao unaweza kulaza mutoto wako mwenyewe. Watu wote walisikia."

"Walisikia!" waliitikia makomisheni wawili, kwa mazoea.

Feruzi alivuta kanzu yake. Baadaye ilijulikana kwamba Shangazi Esha alikuwa amemfuata ufukweni akamsifu juma zima: kijana mwenye kibao cha serikali, mbona unajidharau kwa mke mmoja, binti wa mkubwa yupo. Feruzi hakuwa mtu wa kukataa sifa.

Bwana Asmani alijikohoza. "Posa ina utaratibu. Lazima tuunde kamati ndogo..."

"Ndiyo ao hapana, baba?" alisema Shangazi Esha kwa upole.

"Binti bado mdogo."

"Alimaliza miaka makumi mbili mwezi ya Ramazani," alisema mwanamke mmoja nyuma.

"Basi anasoma."

"Anakata vitunguu," alisema mwingine.

Feruzi alianza kuvimba shingo. "Bwana Asmani, unakataa mimi? Mbele ya watu? Mimi niko na kasoro gani? Wewe mwenyewe umepima!"

Hapo Mwasiti alitoka jikoni, mwiko mkononi unadondosha mafuta. Hakumtazama Feruzi. Alimtazama mumewe. "Baba Kadidja, mwanangu akienda kule, na mimi hapa sibaki."

Na Bwana Asmani, ambaye mwaka mzima hakuwahi kusema sentensi isiyo na cheo ndani yake, alisahau hotuba, akamsahau juji, akabaki baba tu.

"Nimtoe Kadidja kwa huyu?" alipiga kelele. "Avunjwe mikono kama yule pale? Sasa hivi mnamwona na kanzu yake, kondoo! Subirini Jumatatu mbalamwezi itoke, simameni pale mlangoni kwake, mtasikia wenyewe! Rumonge nzima inajua!"

Batuli aliinua uso. Yalikuwa maneno yake yaleyale, ila safari hii yalikuwa yametoka kwenye kinywa kilichosikilizwa.

Juji Hubert alikuwa ameshika kichwa cha mukeke. Akakirudisha kwenye sahani polepole, akafuta vidole kimoja kimoja. Usingizi ulikuwa umemtoka, na kwa mara ya kwanza watu waligundua kwamba macho yake yalikuwa makali.

"Bwana Directeri," alisema, "Rumonge nzima inajua. Na wewe uko mu Rumonge?"

"Mheshimiwa Juji, hilo nimelisema kama mzazi. Kama Ofisi, msimamo wetu..."

"Basi," alikatiza Shangazi Esha, na sasa sauti yake haikuwa na upole tena. "Kama ile nyumba iko salama, utupatie Kadidja, tuende naye leo. Kama haiko salama, utuachie Batuli. Moja tu. Hatutaki zote mbili."

Bwana Asmani alitazama kibao. Alimtazama bintiye, aliyekuwa amesimama na jagi la maji. Akafungua mdomo, akafunga. Ofisi nzima ilikuwa ndani ya ule mdomo na haikujua pa kutokea.

"Haiko salama," alisema mwisho, kwa sauti ndogo, bila kipaza.

"Haiko salama," waliitikia makomisheni.

Feruzi aliruka na kulikamata lile sinia, akalipiga chini, kibao kikarukia miguuni mwa juji. Kama palikuwa na mtu bado ana shaka, ikamtoka. Wanawake hawakukimbia. Walisogea tu wakamzunguka Batuli, na Feruzi, alipoona juji amesimama, aliipangusa kanzu yake akaondoka.

"Hatari imepimwa," alisema Juji Hubert. "Batuli na watoto wanabaki Minago mpaka nitoe hukumu. Hakuna Jumatatu."

Batuli alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila aibu, na shangazi yake akamfuta pua kwa kile kitambaa cheupe cha sinia.

Juji alikuwa hajakaa. "Na Komisheni itaanza upya. Nyumba zote zenye kijani zinapimwa tena, wakati wa mbalamwezi. Bila samaki."

Makomisheni walitazamana kwa huzuni ya kweli.

"Kwa sababu huyu Directeri anapenda kuanza mapema," juji aliendelea, "tutaanzia hapa, sasa. Mama Mwasiti, ukuje. Utuambie bila woga wowote. Hatari iko?"

Bwana Asmani alitabasamu, akaenda kusimama kando ya mkewe, kama kanuni ilivyotaka.

Mwasiti aliugeuza mwiko mkononi. Alimtazama juji, akawatazama wanawake.

"Huyu kwanza atoke inje," alisema.

Na Bwana Asmani, Directeri wa Ofisi ya Kupima Mapema Hatari za Nyumbani, akatoka nje ya turubai lake mwenyewe, akasimama juani barabarani, akingojea kusikia nyumba yake ni ya rangi gani. Aliinamisha shingo atege sikio, lakini vigelegele vilikuwa vimeanza tena, na hakusikia neno.