Zimwi Lenu Limevaa Joho Nililoshona Mimi

Ndugu Mhariri Mkuu wa Vitabu vya Hadithi,

Pokea salamu za mzee, halafu vuta kiti ukae, maana haya si mambo ya kusoma umesimama.

Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka sabini na nne, na uzi naupitisha kwenye tundu la sindano bila miwani, mara ya kwanza, hata upepo ukivuma. Shule niliiacha darasa la tatu kwa kuwa mwalimu hakuwa na jipya la kunifundisha. Mwandiko wangu ukikusumbua, kosa ni la kalamu.

Ni muumini wa Walio Ndani. Tuko watu mia mbili na kumi tulioachana na ulimwengu, tunaishi ndani ya ukuta mmoja chini ya Mlezi wetu, ambaye huletewa maagizo kutoka mbinguni kila Alhamisi. Wiki tatu zilizopita, katika ukaguzi wa magodoro, kitabu chenu kilikamatwa chini ya godoro la mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na miwili. Kwetu kitabu kinachoruhusiwa ni kimoja, nacho kaandika Mlezi mwenyewe. Baraza la wazee likakaa, likaamua mtu mmoja akisome na kuorodhesha uovu wake. Nikachaguliwa mimi. Katibu wa baraza, tunayemwita Mzee Kikohozi, alisema mbele ya watu kwamba mimi nasoma herufi moja moja kama kuku anayedonoa mtama, kwa hiyo uovu hauwezi kuniingia kwa kasi. Watu wakapiga makofi. Nilipokea heshima hiyo kwa unyenyekevu, ingawa nilistahili.

Jumapili hii nasoma taarifa. Ikionekana kitabu chenu kinatusema sisi, basi kuna mtu alitoa siri nje, na wa kwanza kushukiwa ni binti yangu, mama wa huyo mtoto, kwa sababu ndiye anayepeleka mboga zetu sokoni. Yeye na mwanawe watafunikwa. Kufunikwa ni hivi: kwa miaka saba hakuna anayewaona. Ukikutana nao unapita kama unavyopita hewa. Nami nitapita, mimi ni mtu wa msimamo, muulize yeyote. Ila tunaishi chumba kimoja sisi watatu, na sijui nitapitia wapi.

Kwa hiyo namtaka huyo mama aliyeandika kitabu aape kwa maandishi, na muhuri juu, kwamba yeye hatujui sisi wala hajawahi kutusikia. Lakini kabla hajaapa, ajibu haya.

1. Ukurasa wa kumi na tisa. Zimwi la kitabu chenu linawavisha watu wa Ngome yake majoho ya kijivu yasiyo na mifuko. Ndugu Mhariri, majoho ya kijivu yasiyo na mifuko ni kazi ya mikono yangu! Mlezi aliniagiza mwaka wa kwanza kabisa, akasema mtu asiye na mfuko hana pa kuficha kitu. Nimeshona zaidi ya mia nne. Tena huyo mama hata pindo hakulieleza. Pindo langu lina mishono miwili, halifumuki mpaka mvaaji afumuke kwanza. Akitaka kuiba, aibe vizuri.

2. Zimwi lina jino la dhahabu upande wa kushoto. Mlezi wetu analo upande wa kulia. Mtu asiye na hatia angehangaika kuhamisha jino?

3. Watu wa Ngome wamekatazwa kuuliza swali lolote linaloanza na "kwa nini". Sisi hatujakatazwa. Tunaruhusiwa kuuliza, kisha tunashinda njaa siku tatu ili swali litutoke. Hii ni tofauti kubwa na naomba muichape kwa wino mzito.

4. Zimwi linajua siri za kila mtu kwa sababu lina kioo cha uchawi. Hapo nilicheka mpaka bobini ya uzi ikaanguka kutoka kwenye cherehani. Uongo wa kitoto! Mlezi wetu anajua siri za kila mtu bila kioo chochote. Kila Jumatano sisi wenyewe tunamwandikia za jirani. Mimi nilishamwandikia kurasa mbili nzima kuhusu Mzee Kikohozi na sukari ya jumuiya. Kikohozi aliniandika mimi kurasa nne, lakini yeye ana maandishi makubwa.

5. Anayelikaidi zimwi anageuzwa kivuli. Mama anapita mbele ya mwanawe na hamwoni. Hili ndilo ambalo baraza lililishupalia, na Kikohozi alimwuliza mjukuu wangu, kwa ukali, hapa pamekukumbusha nini wewe? Mtoto akamjibu, hapajanikumbusha kitu, babu mkubwa, mtu hukumbushwa alichokisahau. Kikohozi akakohoa nusu saa. Mimi nikasimama kuitetea jumuiya, nikasema tofauti iko wazi kama mchana: kwenye kitabu ule ni uchawi, kwetu ni utaratibu. Wakanipongeza. Binti yangu peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa. Alisema anatafuta kifungo kilichodondoka. Majoho yangu hayana vifungo.

6. Sasa fika ukurasa wa mia mbili na moja, ambapo nimesimama na sina nia ya kuendelea. Ndani ya Ngome kuna mzee mshona majoho. Huyo mama ameandika kwamba si mtu mbaya, ni mtii tu, na kwamba ana macho makali kuliko vijana: anaona tundu la sindano, haoni mtu aliyesimama mbele yake. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtoto, pameandikwa "babu". Nimekaa na ukurasa huo siku nne. Kwanza nilidhani ni sifa.

Nauliza: nani alimpa huyo mama ruhusa ya kuniweka humo? Na kama hakuniweka, nimeingiaje?

7. Hapa ndipo penye kiini, na nimepafikia kwa akili yangu mwenyewe bila msaada wa baraza. Kama huyo mama alituiba, binti yangu na mjukuu wangu wamekwisha. Kama hakutuiba, basi ametunga kichwani mwake. Majoho, maswali, kufunikwa, yote, ametunga akiwa kakaa jikoni anasubiri maji yachemke. Basi na yale yanayoshuka mbinguni kila Alhamisi kwa miaka thelathini yanaweza kutungwa jikoni! Hilo haliwezekani, kwa sababu mimi nimeyaamini, na mimi sidanganyiki. Hata muuza vitambaa alishindwa kunipunja.

Kwa hiyo natengua ombi langu la mwanzo na kuomba viapo viwili. Cha kwanza, kwamba yeye hatujui sisi kabisa. Hicho nitakisoma mbele ya baraza. Cha pili, kwamba alituiba kila kitu na kamwe asingeweza kutunga mwenyewe. Hicho nitakiweka chini ya mto wangu, nipate usingizi. Kila kimoja kiwe na muhuri wake, na mihuri isifanane.

Nimemaliza, na sina kinyongo. Wasalimie wapiga chapa, wafunga vitabu, mfagizi wa ofisi, na mlinzi wa mlango kama mnaye. Huyo mama naye msalimie, lakini kwa sauti ya chini.

Nabaki kuwa mimi, asiyekosea kipimo,
Fundi Cherehani wa Walio Ndani

N.B. Barua hii ilikaa kwa kukosa stempu, leo ni Jumanne. Viapo msitume. Jumapili nilichanganya karatasi. Badala ya taarifa yangu nikasoma, herufi moja moja, kanuni za zimwi nilizokuwa nimenakili, na kwa kila kanuni watu wote wakaitikia "tumepokea". Kanuni ya tisa, ya kulala macho wazi, hata sisi hatuna. Mlezi alisimama akasema ndiyo aliyoletewa Alhamisi, ianze usiku uleule. Mjukuu wangu alikuwa ameng'ata mkono wa joho asicheke. Nikacheka mimi. Mama yake akafuata. Tukafunikwa wote watatu palepale.

Basi, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kutuona, nikabeba cherehani begani mchana kweupe, binti akabeba meza yake, mtoto akabeba kitabu, tukapita getini. Mlinzi alitazama angani. Nilimwambia kwaheri, akasema huu upepo wa leo mkali.

Mjukuu anasema hadithi ina kitabu cha pili. Tumeni hicho, anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Kiwe cha herufi kubwa, tafadhali, maana tunasoma watatu kwa pamoja, na mimi ndiye ninayewachelewesha kufungua ukurasa.