Redio au Taa, Chagua Moja

Jumatatu, 3 Novemba

Shuaib ameweka redio mpya kwenye Noah yake. Skrini kubwa kama sinia! Asubuhi nzima ameizungusha hapa Bula Iftin, vioo chini, eti anatafuta mahali pa kuegesha. Garissa! Mchanga mtupu kila upande, egesha popote.

Ninaona wivu. Naandika wazi kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

Jambo lenyewe ni Alhamisi. Eddo Bishara, shangazi yetu, anamwoza binti yake Idil, na gari la bibi harusi ndilo linaloongoza msafara. Nani ataliendesha? Mimi na Shuaib sote ni watoto wa kaka zake. Mimi ni mkubwa kwa miezi minne. Lakini leo Eddo amesema Noah ina sauti nzuri, mashallah. Kuhusu Probox yangu, amesema nifagie mavi ya mbuzi.

Nimekwenda Soko Mugdi. Nimenunua redio ya mtumba na spika nne.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeifunga mwenyewe. Fundi Adow ameoa dada yake Shuaib, hawezi kufurahia ushindi wangu. Isitoshe, nimefunga sola nyumba nyingi sana kule Hagadera. Nyekundu chanya, nyeusi hasi, kwisha. Shida ni kwamba waya mweusi wa redio haukupata mweusi mwenzake garini. Nikauunga na wa kijani, uliokuwa karibu.

Ikaimba! Tena taa za dashibodi zikacheza na ngoma. Dum, zinawaka. Dum, zinafifia. Skrini ya Shuaib haiwezi hayo! Nikampelekea Eddo aone. Akatazama kwa muda, akasema haya, Bare, wewe ndiye utambeba Idil. Wallahi nilitokwa na machozi.

Jioni nikawasha taa za gari. Redio kimya. Nikazima taa, redio ikarudi. Nikawasha tena. Kimya! Na msafara unaondoka wakati wa magharibi.

Jumatano, 5 Novemba

Shuaib amechungulia dirishani bila kukaribishwa. Akasema waya mweusi wa redio unafungwa kwenye chuma cha bodi ya gari, ule wa kijani ni wa taa za dashibodi. Kazi ya dakika tano, angenifanyia yeye. Upole wote huo, kesho ni harusi? Mtego! Nikamwambia ashughulike na sinia lake.

Mimi nikachomeka antena. Niliona pengine redio inakosa mawimbi. Nikawasha taa. Tak! Dashibodi giza, taa za nyuma giza. Fyuzi imeungua.

Duka la vipuri limefungwa. Nimeizungushia fyuzi karatasi ya fedha ya sigara na kuirudisha. Redio inaimba vizuri kuliko jana. Taa sijazijaribu, nisije nikazichosha kabla ya siku yenyewe.

Alhamisi, 6 Novemba

Magari kumi na moja, na mimi mbele! Idil nyuma yangu kwa dirac, gauni refu la rangi ya dhahabu, wanawake wawili pembeni yake wakiimba kuishinda redio. Kwenye kioo niliiona Noah, ya pili. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jua likazama. Nikawasha taa.

Moshi ulitoka chini ya dashibodi, mweusi, unanuka plastiki. Wanawake wakaruka nje. Idil naye akaruka, viatu mkononi. Shuaib akaja mbio, akang'oa waya wa betri, akamwaga mchanga palipokuwa panawaka. Eddo alinitamkia maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa sababu jina la Mungu limo.

Idil alipokuwa anapanda Noah alinigeukia. Akasema ni yeye aliyemwomba mama yake anichague, tangu wiki iliyopita, kwa kuwa mimi ndiye niliyempeleka shule miaka minne. Redio haikuhusika hata kidogo. Kisha mlango ukafungwa, msafara wote ukanipita ukipiga honi. Niliumia sana.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya swala Shuaib amekuja na Adow. Wamebadilisha nyaya zilizoungua, wameweka fyuzi, waya mweusi wameufunga kwenye bodi kwa skrubu moja. Hiyo skrubu ilichukua dakika tano. Sasa redio na taa zinawaka pamoja. Hawakutaka hata chai. Nimeshukuru kwa meno tu.

Nimeyafikiria sana maneno ya Idil. Yamenigusa. Nimeketi chini, nimetafakari, na kosa langu nimeliona: redio kila mtu anayo.

Nurto, mdogo wake Idil, naye amechumbiwa. Eddo hajasema nani atambeba. Na Noah ya Shuaib haina honi ya lori! Mimi nimeshaipata, kwa dereva mmoja wa lori la maji la Dadaab. Inasikika hadi ng'ambo ya mto. Ina nyaya mbili tu. Fundi wa nini?