Ombi la Kurudishiwa Mume Aliyejitolea Kwenye Raga

Ikwiriri, Rufiji

Ndugu Mwenyekiti Abdulhalim,
Klabu ya Raga ya Viboko.

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na meno yako yaliyobaki. Mimi ni Muzdalifa Saadi, mke wa Mshamu, yule mzee anayewafulia jezi. Naandika kwa adabu zote kuomba nirudishiwe mume. Najua hamkumwiba, alijitolea mwenyewe. Lakini hata cha kujitolea hurudi kikihitajika kwao.

Kwanza, majani. Mshamu anaamka kabla ya adhana kwenda kufyeka uwanja wenu. Sikatai, unapendeza. Ila uani kwangu kuku akiingia majanini tunamtafuta kwa kumwita. Nilipomweleza alinijibu kwa upole, "Mama Habiba, ule ni uwanja wa jamii." Nikamuuliza mimi na kuku ni jamii ya nani. Akachukua fyekeo lake, akaondoka.

Pili, boriti. Alizileta kutoka visiwani, kwenye mikoko ya delta, kwa ajili ya jiko langu jipya. Sasa zimesimama uwanjani kwenu, zimepakwa chokaa, na kazi yao ni kupitisha mpira katikati. Masika yote nimepika sufuria ikiwa na mfuniko na mimi nikiwa na beseni kichwani.

Tatu, jezi. Jumapili kamba yangu ya nguo haionekani kwa mashati ya wanaume. Jirani yangu Zabibu aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama nimefungua gesti.

Nne ndilo linaloniuma. Siku lori la mpunga lilipokwama njia ya Mkongo, vijana wako waliinama wakalisukuma kama wanavyosukumana mchezoni, Mshamu nyuma yao, mpaka likatoka. Nilikuwepo, natoka shamba. Nikamwona anawashika bega mmoja mmoja: "Ahsante mwanangu, umefanya vizuri." Hata yule aliyeteleza mwanzoni akabaki amelala matopeni aliambiwa amefanya vizuri. Ndugu Mwenyekiti, mtu huyu nimempikia tangu Habiba hajazaliwa, na Habiba sasa ana wanawe. Neno ninalopewa mezani ni "chumvi". Chumvi ikikaa sawa, sipewi neno.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilikuja kumchukua mwenyewe. Nilimwona ng'ambo ya uwanja, ameshika ndoo ya maji. Njia fupi ilikuwa katikati, nikapita katikati. Sikujua mchezo unaendelea, maana wote walikuwa wamelaliana kimya. Mara mpira ukachomoka, ukatua mikononi mwangu, nikaukumbatia kama mtoto. Kugeuka, naona jitu la timu ya Kibiti linanijia. Ningefanya nini? Nilikaza kanga, nikamkimbilia mume wangu. Nilipovuka mstari nikajikwaa, nikaanguka, mpira chini ya tumbo.

Uwanja mzima ulilipuka. Mshamu aliiacha ndoo, akaja akaniinua, akanishika bega. Akasema, "Umefanya vizuri, mama Habiba." Mbele za watu. Nikamwambia maji yamemwagika.

Na hapo ndipo linapokuja lalamiko la tano, zito kuliko yote yaliyotangulia: refa wenu alikataa kulihesabu goli langu. Eti mimi si mchezaji. Kwani Mshamu ni mchezaji? Mbona jasho lake mnalipokea?

Naomba basi mume wangu arudi, au goli langu lihesabiwe. Yote mawili yakishindikana, jiko langu liandikishwe kuwa sehemu ya uwanja wenu, ili atakayelisimamisha ahesabike kuwa amejitolea. Nikikosa jibu, nitalifikisha shauri hili kwa mama yako, ambaye tunakaa naye safu moja darasani kwa ustadhi.

Wasalimie vijana wote, hata yule wa matopeni. Na lile jitu la Kibiti mliambie sina kinyongo nalo, lilipinda vizuri lisinigonge.

Ni mimi, mwenye kulalamika kwa heshima,
Muzdalifa Saadi

Tanbihi: Mshamu msimrudishe kwanza. Wanawake wa mtaa wetu tumeanza kujaribu mchezo kwa kurushiana papai bichi, Zabibu ameshateguka kidole, na Mshamu ndiye pekee anayejua kukifunga. Jumanne alasiri tutakuja sote huko uwanjani kwenu.