Sanduku Lisilopitisha Maji

Mheshimiwa Mchungaji Ignace, mwenye ukumbi huu wa ghorofa ya nne; Mheshimiwa Sheikh Bakiri, uliyekubali kupanda ngazi zote hizi kwa sababu lifti imekufa tangu mwaka juzi; mabibi na mabwana wasusi, mafundi cherehani na walinzi wa Marshalltown, Kensington na viunga vyake; stekiholda wote kwa ujumla wenu; na mimi mwenyewe, Khatibu, Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Maandalizi ya Vimbunga, ambaye nisipojitambulisha hakuna atakayenitambulisha: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mimi katibu nimehesabu: mawili.)

Ndugu zangu, mvua ya mawe ya Jumanne iliyopita, iliyovunja madirisha yote ya upande huu, haikuikuta kamati yangu imelala. Tangu Agosti tulikuwa na fremuweki, niliyoitoa mtandaoni kutoka nchi iliyoendelea ambako vimbunga ni jambo la kila mwaka, nikaitafsiri kwa mkono wangu huu, ndiyo maana niliwaagiza mpigilie mbao madirishani, mjaze maji kwenye mabeseni, na mkae si chini ya kilomita tano kutoka ufukweni. Leo natamka kifua mbele kwamba asilimia mia moja ya wanajamii wetu wa Johannesburg walikuwa mbali na ufukwe. (Kicheko kikubwa. Bahari iko mwendo wa saa sita kwa gari. Mwenyekiti anainamisha kichwa kushukuru.)

Lakini mhimili wa stratejia yetu nzima ulikuwa Sanduku Kuu Lisilopitisha Maji. Niliwaambia hapa hapa: paa likiezuliwa litaezekwa, godoro likilowa litaanikwa, lakini karatasi ya ukimbizi ikiharibika, mwenye nayo anaanza upya kama aliyeshuka basi leo asubuhi. Nanyi, kwa kutambua uongozi wangu uliotukuka, mkaniletea karatasi zenu halisi, familia mia moja na kumi na mbili, na kila familia ikapewa risiti yenye picha yangu. (Minong'ono. Mama Clémentine, msusi, anasimama. Anasema: "Président, ile papier yangu iko wapi? Jumatatu niko na rendez-vous, wameniita kwa ofisi ya uhamiaji kuongeza siku. Watoto wangu watatu wameandikwa humo.")

Swali zuri sana, mama, nami nalipokea kama changamoto. Karatasi yako ipo, tena iko katika mchakato wa ukaushaji, imeanikwa chumba cha nyuma pamoja na majoho ya kwaya. Wino umesogea kidogo. Jina lako linasomeka vizuri hadi herufi ya tatu, watoto tunaendelea kuwatafuta, na muhuri wako umehamia kwenye karatasi ya Bwana Naseeb wa Tanga, jambo linalodhihirisha mshikamano wa jamii zetu mbili, yako na yake. (Mama Clémentine anakaa, analia waziwazi. Bwana Naseeb anatukana. Siandiki alichosema, ila nakubaliana nacho.)

Naomba utulivu, kikao hiki kina ajenda. Nikisema Sanduku, semeni Salama. Sanduku! (Mtu mmoja anakohoa.) Maandalizi! (Kiti kinaanguka.) Ahsanteni kwa mwamko huo.

Kabla sijashuka, shukrani za pekee kwa Bwana Pitchou wa duka la fotokopi, aliyetuchorea lile sanduku la chuma kwenye bango mlilolipenda wote. Kufuli, magurudumu, mpira wa kuzuia maji, vyote alivibuni mwenyewe, maana sanduku lenyewe hatujawahi kuwa nalo, na karatasi zenu tuliziweka kwenye boksi la ndizi, chini ya dirisha hilo hapo. (Watu wote wanaligeukia dirisha. Halina kioo.)

Hata hivyo kamati haikukaa bure. Risiti zenu nilizifanyia lamineshen ya plastiki, pande zote mbili. Mama Clémentine, ukifika nyumbani itumbukize kwenye beseni uone, haipitishi hata tone. Jumatatu nenda nayo kwenye dirisha la uhamiaji, uwaambie umetumwa na Mwenyekiti Khatibu.