Mafuta ya Wakimbizi na Ini la Prezidenti

Uvira, uwanja wa parokia, mwezi wa tatu

Kwa Bibi Daktari Belyse Niyonsaba,
msimamizi wa mashine ya IRM, Bujumbura

Kuhusu: ini langu

Bibi Daktari mheshimiwa,

Nakusalimu kwa unyenyekevu wa mtu ambaye umekwisha kumwona amelala chali katika kanzu ya hospitali iliyo wazi nyuma. Mimi ni Marcellin Nshimirimana, prezidenti wa kamati ya chakula ya watu wa Kiringye waliokimbia vita na kupokewa hapa uwanjani. Wengine wangependa niandike «prezidenti wa zamani», lakini jambo hilo bado liko mbele ya wazee.

Unakumbuka nilivyokuja kwenu. Nilisikia uzito chini ya mbavu za kulia, na binamu yangu Frédéric, anayefanya kazi hapo, akaniambia mnatafuta watu wa kujitolea. Mlitaka kujua kama mashine hiyo ya sumaku, inayopima mafuta ndani ya ini, hujibu neno lile lile ikiulizwa tena. Mkaniingiza, nikazuia pumzi, mkanitoa, mkanitembeza kidogo, mkaniingiza tena. Asilimia ishirini na moja, kisha ishirini na moja. Siku iliyofuata, kwenye mashine ya hospitali nyingine, ishirini na mbili. Ulifurahi hata ukapiga makofi. Nami nikafurahi kwa sababu wewe umefurahi.

Frédéric akanisindikiza hadi Uvira na, kwenye foleni ya chakula, akawasimulia watu habari yote.

Lazima ujue kwamba wiki hiyo mafuta ya kupikia yalikuwa yamepotea depo, ghala letu la chakula, bila mlango kuvunjwa, na watoto walikuwa wanakula maharagwe ya chumvi tu. Mama Georgette, aliyetembea kutoka Kiringye na mjukuu mgongoni na sufuria kichwani, alisikiliza hadi mwisho, kisha akapaza sauti:

«Kumbe! Siye tuko tunatafuta mafuta mu depo, na yenyewe iko mu maini ya prezidenti!»

Hakuna aliyecheka. Ningependa sana wangecheka.

Tangu hapo nimesimamishwa. Ufunguo wa depo amepewa Sévère, naibu wangu. Nikipita karibu na majiko, wanawake wanafunika sufuria. Jana bibi mmoja wa Lemera aliniomba, kwa adabu kabisa, nijiminye ubavu kidogo juu ya sombe yake, majani ya muhogo yasiyo na tone la mafuta. Hata mke wangu Émérance, ambaye nilitegemea atanitetea, aliniangalia kiunoni akasema: «Marcellin, siye bote tumekonda. Weye, mushipi yako iko palepale.» Akageukia ukutani akalala.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu.

1. Mashine yako inasema neno moja kila inapoulizwa. Hiyo si tabia ya shahidi mwaminifu. Sisi vita hii tunaifuata kwa redio mbili: moja ilisema adui ameingia Kamanyola, nyingine ikasema amefukuzwa Kamanyola, na askari aliyetoka hukohuko mbio, bila viatu, alituambia kwamba Kamanyola ni shwari. Hivyo ndivyo ukweli unavyotufikia, vipande vipande, na kila mtu anachagua kipande chake. Anayerudia neno lile lile, hata baada ya kutembezwa, huyo amefundishwa la kusema.

2. Hapa Uvira nilipimwa kwa ekografi, ile mashine ya kupapasa tumbo kwa mawimbi ya sauti. Daktari mmoja aliona mafuta kidogo. Mwenzake akaangalia picha ile ile akasema ini ni safi. Wakabishana, wakachoka, mwisho wakaniuliza mimi ninasikiaje. Hiyo ndiyo mashine yenye utu! Inaacha nafasi ya mazungumzo.

3. Ulinieleza kwamba tofauti ya ishirini na moja na ishirini na mbili ni ya kawaida, kwamba mashine mbili zikikaribiana hivyo ni sifa kubwa. Kwako ni ya kawaida. Mimi ninaulizwa mafuta kila asubuhi. Usiku wa kati ya vipimo hivyo nilikula kwa Frédéric lengalenga, mchicha wa kuchemsha tu, naye ni shahidi. Basi hiyo asilimia moja ya ziada ilitoka depo ya nani?

4. Mashine haijaapa, si kwenye Biblia wala kwenye bendera.

5. Hata hivyo, ikiwa ini limekuwa shahidi, yasikilizwe maini yote. Vuteni mashine hadi kwenye vizuizi vya barabara ya Kiringye. Askari anayemnyang'anya mama unga wake kwa kuwa eti hajala tangu juzi, aingizwe kwanza, azuie pumzi. Waingie wanaotusemea kwenye meza za amani hotelini. Waingie wenye magari meupe wanaokuja kutuhesabu, wakamaliza, wakarudi kutuhesabu tena. Wapimwe pia walio upande wa pili wa vita, maana nao wanasema wanapigana kwa ajili ya tumbo letu. Kisha mnipime mimi, wa mwisho. Nina hakika kwamba mkifika kwangu nitaonekana mtu aliyefunga Kwaresima nzima.

Tena kuna faida nyingine. Mlinikataza kuingia na chuma chochote, hata ufunguo wa depo, ambao sikuwa nimewahi kuutoa shingoni. Basi wote hao watalazimika kuacha bunduki mlangoni. Mkisahau kuwarudishia, hakuna mtu wa Kiringye atakayewaandikia lalamiko.

Ninachoomba ni kidogo: karatasi yenye muhuri isemayo kwamba mashine ilikosea, au walau kwamba siku hiyo ilikuwa imechoka. Bila karatasi hiyo nitakufa nikiitwa dumu.

Wasalimu mafundi wako wote, na yule mama aliyenifunika blanketi nilipotetemeka. Frédéric usimsalimu. Wazee wa Kiringye wanakusalimu, Émérance pia angekusalimu kama angekuwa anasema nami.

Nabaki, mimi na ini langu, tukingojea haki kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi,

Marcellin Nshimirimana
Prezidenti

Nakala: kwa padri wa parokia, kwa wazee, kwa Sévère, ili aone.

N.B. Nilikuwa nimekwisha kusaini ndipo yakanifikia maelezo yako kuhusu vipimo vyangu. Unasema mafuta ya ini si mafuta ya kupikia yaliyohamia humo, bali mwili huyatengeneza wenyewe, hata kutokana na sukari nyingi. Hivyo mashine imesema kweli tupu bila kunishitaki wizi wa mafuta. Nakushukuru, umenielewa kuliko watu wangu. Lakini nakusihi, Bibi Daktari, maelezo hayo usiyatume kwa kamati, wala usimnong'oneze mtu yeyote. Heri nibaki na kesi ya mafuta. Sukari ya uji wa watoto nayo haionekani, na hadi leo wanaoshukiwa ni sisimizi.