Chatne ya Mume Wangu

Makambako,
9 Machi 1953

Kwa Bwana Shauri,
Boma, Njombe.

Bwana Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni Hulda, mke wa Sila Mgaya wa hapa Makambako. Naandika kwa mkono wangu, kwani nilisoma misheni mpaka darasa la nne, na mwandishi wa barua wa hapa sokoni ni binamu ya mume wangu. Nashitaki chatne.

Chatne ni matunda yaliyopikwa kwa sukari, siki, vitunguu na pilipili mpaka yakasahau kwamba yalikuwa matunda. Mume wangu aliijulia Afrika Kusini, kwenye mkataba wa miezi kumi na minane migodini. Nilimwomba Mungu amrudishe na viungo vyake vyote. Amevirudisha vyote, ila ulimi umebaki kule.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku aliyorudi nilimchinjia jogoo. Alionja, akafikiri, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama Idda, chatne iko wapi?" Nilidhani ni jina la mwanamke. Nilinuna siku nne ndipo nikaelezwa, na kuelezwa hakukunipunguzia hasira.

2. Anasema kule kusini hakuna meza isiyo na chatne. Wahindi wa Natali huila na mchuzi, Makaburu huipaka kwenye nyama ya kuchoma, na mpishi mmoja mtu wa Kepu, kule mwisho kabisa wa kusini, aliyewapikia wachimbaji, ndiye aliyemfundisha kuipika kwa mapichi makavu. Nina miaka tisa napika katika nyumba hii, na hajawahi kuniomba nimfundishe kupika hata chakula changu kimoja.

3. Amemaliza mapichi yetu, ya jirani yetu Laurenti, na ya misheni.

4. Laurenti alipombatizisha mtoto wake, wanawake tulipika tangu alfajiri. Sila akaja na chupa yake. Mzee wa kanisa Gideoni, ambaye hajawahi kusifu kitu isipokuwa mvua, alilamba kidole mbele ya Mchungaji. Sisi hatukupata hata asante. Dada yangu Juliana alilia jikoni, na si kwa moshi, kwani moto ulikuwa umeshazimika.

5. Hili ndilo kubwa. Wiki iliyopita chupa ya mwisho ilikwisha, naye akaleta fomu ya kujiandikisha tena migodini. Nikamwuliza, "Kule ambako mwamba uliwaangukia wenzako wawili?" Akajibu, "Chini ni kubaya, mke wangu. Lakini tukipanda juu na kuketi kula, nilijiona bado ni mtu." Bwana, mwanamke aweza kushindana na mwanamke mwenzake. Na chupa atashindanaje nayo?

Kwa hiyo naiomba Serikali ipige marufuku chatne kutoka Makambako hadi Lupembe. Siki iuzwe kwa cheti cha daktari tu. Na kila mpichi uandikishwe kama inavyoandikishwa bunduki.

Nisalimie Bibi wa nyumbani kwako, karani, tarishi na askari wote wa Boma.

Ni mimi, raia wako mtiifu na mwenye njaa ya haki,
Hulda Mgaya

Nyongeza: Barua hii imekaa siku sita ikingoja lori la Njombe. Katika siku hizo niliamua kumwonyesha Sila kwamba chatne si kazi ya kumpeleka mtu ng'ambo. Mapichi hayakuwapo, nikapika matunda damu, yale mekundu yanayofanana na nyanya, na pilipili nikazidisha kwa hasira. Alikula, machozi yakamtoka, akaomba tena. Kisha akaichukua ile fomu akawashia moto wa sufuria ya pili. Madereva wa malori walifuata harufu mpaka mlangoni, na sasa wananiletea chupa tupu kutoka Iringa.

Kwa hiyo, Bwana, kama umekwisha kuandika amri ya marufuku kabla ya kusoma mpaka hapa chini, tafadhali usiichane. Ongeza tu chini: "Isipokuwa ya Hulda."